Joint Mbili, Mashine Moja

Jumatatu saa mbili asubuhi, kipande cha mpira kilikuwa juu ya meza ya Inspekta Orpa Kahambu, ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba ya jalada. Kilikuwa cha duara, cheusi, kinene, na ubavuni kilitoa nyuzi. Mafundi wa Butembo hukiita joint. Kazi yake ni kuziba maji yasivuje kati ya mashine ya kahawa na ile kata ya chuma yenye mpini inayobeba unga wa kahawa. Hiki hakikuziba kitu. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mashine iliitema kata pamoja na maji ya moto na unga wote usoni mwa Mama Godelive, mfanyabiashara wa kahawa, akiwa jikoni kwake. Shavu la kushoto liliungua. Kuhusu jicho la kushoto, madaktari walikuwa bado hawajasema neno.

Fundi aliyebadilisha joint hiyo Alhamisi alikamatwa Jumapili saa sita mchana. Sheria inampa mpelelezi saa arobaini na nane. Kwa hiyo Jumanne saa sita mchana Orpa alipaswa ama kumwachilia, ama kumkabidhi kwa parquet pamoja na jalada, na fundi anayefika kwa mwendesha mashtaka huku mlalamikaji ni mama mwenye jina mjini na bandeji usoni, huyo hatoki upesi.

"Hii dossier imeshaiva, Inspecteur," alisema Brigadia Kamate. "Tunangoja nini? Tumupeleke tu."

Kamate alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na kwake kila jalada lilikuwa limeiva hata kabla ya kuinjikwa.

"Mulete," alijibu Orpa.

Josaphat Mumbere aliingia akishikilia suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wake ulikuwa umebaki kwa mlinzi wa cachot, chumba cha mahabusu. Alikuwa fundi wa pasi, redio, majiko ya umeme na kila kitu chenye waya. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Orpa alimwonyesha kiti, kisha akausogeza mfuko mbele yake.

"Unajua iki?"

Josaphat alikitazama bila kukigusa. "Ni mupira wa gari. Mutu alikata na kisu. Ona izi nyuzi, ni pneu ya camion."

"Kilitoka ndani ya machine ya Mama Godelive."

"Hapana ile mimi niliweka, Mama Inspecteur. Mimi niliweka joint nyekundu, ya milimètre munane. Yeye mwenyewe aliiagiza Kampala. Nilipasua sachet mbele ya macho yake."

Kamate alicheka puani. Akaweka mezani kipande cha waya kilichotungwa pete za mpira mweusi, alizozinyakua kwenye msumari wa karakana ya fundi. Alizihesabu kwa sauti mpaka kumi na saba.

"Na izi? Zilitoka Kampala?"

"Izo ni za casserole à pression, sufuria za mvuke za kupikia maharagi. Ninazikata mimi mwenyewe. Kila mama wa hapa Butembo anajua."

Orpa aliichukua pete moja na kuilinganisha na ile ya mfukoni. Ya Josaphat ilikuwa laini pembeni, imekatwa kwa mara moja. Fundi alitumia bomba la chuma lililonolewa mdomo na kulipiga kwa nyundo. Ya mfukoni ilikuwa na mikato iliyopinda, kisu kimekwenda na kurudi. Akaipima. Milimita kumi na moja.

"Uko na tube ya kukata mesure ya machine ya kahawa?"

"Hapana."

"Donc ungetaka kuikata, ungetumia kisu."

Josaphat alifikiri kidogo. "Ningetumia kisu, ndiyo. Mais sikuikate."

Kamate alimtupia Orpa jicho la ushindi. Lakini Orpa alilipenda jibu hilo. Mwongo angedai ana mabomba ya kila kipimo.

Akafungua jalada na kusoma maelezo aliyoyachukua mwenyewe Jumapili, kando ya kitanda cha mgonjwa. "Mama Godelive anasema hivi: Tangu Alhamisi hakuna mugeni aliingia ndani ya nyumba yangu. Unasikia? Nyumbani iko yeye na Séphora, mwenye anamupikiaka. Nyuma yako nani aligusa machine?"

"Sijue." Josaphat alijipangusa uso. "Mama Inspecteur, na ya zamani muliiangalia?"

"Ya zamani gani?"

"Joint ya zamani. Nilimurudishia Mama ndani ya enveloppe."

Orpa aliweka kalamu chini. Alijikasirikia kweli. Mjini Butembo fundi anayebadilisha kitu bila kukurudishia cha zamani ni mwizi kabla hata hajaiba. Akibadilisha plagi ya pikipiki, anakupa plagi mbovu. Akibadilisha balbu, anakupa iliyoungua. Unakitazama, unaridhika kwamba kweli kilikuwa kimekufa, na unakwenda nacho nyumbani. Orpa mwenyewe alikuwa na mfuko mzima wa uchafu huo uvunguni mwa kitanda. Na bado Jumapili nzima hakukumbuka kuuliza.

"Kamate, tafuta pingu na gari," alisema. "Tunaenda ku nyumba ya Mama Godelive, na huyu anaenda na sisi."

Njia haikuwa ndefu, lakini ilitosha. Gari la polisi lilipopunguza mwendo karibu na soko, mwanamke mmoja mwenye kitenge cha njano alimtambua mfungwa na kukimbilia dirishani.

"Josaphat! Fer yangu ya kupiga nguo iko kwako! Unirudishie fer yangu mbele uende gereza!"

Wengine wawili wakaitikia nyuma yake, mmoja anadai redio, mwingine hakudai kitu ila alitaka tu kupiga kelele. Josaphat aliinamisha kichwa. Ana mke na watoto wanne, na karakana yake inaishi kwa jambo moja tu, kwamba watu hawaogopi kumwachia vitu vyao. Orpa aliona jambo hilo likimtoka mbele ya macho yake.

Séphora aliwafungulia mlango. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye maneno machache. Jikoni kulikuwa kumekwisha kuoshwa, isipokuwa madoa ya kahawa kwenye dari, ambako hakufika. Mashine ilikuwa pale pale juu ya meza yake, ya chuma cheupe, imepigwa lakiri ya polisi. Orpa akaibandua.

"Nionyeshe namna Mama alifanya Jumapili," alimwambia Séphora.

Séphora aliishika kata na kuiingiza chini ya mdomo wa mashine kutoka upande wa kushoto, kisha akausukuma mpini kuelekea katikati. Joint haikuwamo tena, kwa hiyo mpini ulizunguka ovyo mpaka kulia.

"Siku ile haikuzunguka hivi," alisema. "Ilikuwa ngumu. Mama alisukuma na mikono mbili, ikasimama huku, ku mukono wa kushoto. Akasema: ni juu ya joint ni mupya, Josaphat alisema mupya inakazaka."

"Ulisema vile?" Orpa alimgeukia fundi.

"Nilisema, ni kweli. Mais Alhamisi mpini ilisimama katikati, sawa sawa mbele ya tumbo ya mutu. Mupira wa kumi na moja unajaza nafasi yote. Porte-filtre, iyi kata, inakosa kwa kuingia. Inashika na masikio tu. Maji ikisukuma, inaruka."

"Ni kweli ilisimama katikati Alhamisi?"

"Ndiyo," alisema Séphora. "Tulikunywa hata kahawa. Ijumaa pia, asubuyi."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi courant ya umeme ilikosa siku yote."

Orpa aliandika hayo. Kisha akauliza vitu vya zamani vinawekwa wapi. Séphora alichutama na kuvuta kutoka chini ya kabati kopo kubwa la biskuti, lenye kutu kwenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na bomba bovu, swichi mbili, balbu, kisahani cha jiko kilichopasuka, na juu kabisa bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: Mama Godelive, machine ya kahawa, jeudi.

"Maandishi ni yangu," alisema Josaphat.

Orpa aliimimina bahasha juu ya gazeti. Vikatoka vipande vyeusi vya mpira mkavu. Kamate alivitazama bila hamu. "Takataka," alisema.

"Mama Inspecteur, nipatie ruhusa nipange."

Akaruhusiwa. Kwa mikono yenye pingu, Josaphat alichagua kipande kimoja kilichopinda, akakiunganisha na cha pili, akaongeza cha tatu. Duara likafunga. Ncha zilikutana bila nafasi, na kwenye kipande cha kati palionekana tundu dogo.

"Iyi ni yenye nilitoa. Ilikuwa imekauka, haikutaka kutoka, nikaingiza visi, musumari wa kuzungusha, ndani nivute, njo ikavunjika mara tatu. Shimo ya visi ni iyi."

Juu ya gazeti ilibaki pete nyingine. Ilikuwa nzima, ya zamani vilevile, nyeusi, ngumu, haina tundu lolote.

"Na iyi?" aliuliza Orpa.

"Sijue. Hapana yangu."

"Machine moja inabeba joint ngapi?"

"Moja, Mama."

Kamate alikuna shavu. "Labda ilikuwa ndani ya boîte tangu zamani."

"Ndani ya boîte, labda. Mais hii ilitoka ndani ya enveloppe ya Alhamisi," alisema Orpa. "Donc iliingia nyuma ya Alhamisi."

Brigadia akajifanya anachunguza dari.

Josaphat alikuwa ameichukua ile pete nzima na kuipitisha polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikasimama mahali fulani. "Shika hapa. Iko na kinundu."

Orpa alishika. Ni kweli. Upande mmoja wa pete ulikuwa na mfereji, alama ya mdomo wa chuma ulioubana mpira miaka na miaka, na ndani ya mfereji huo palikuwa na kinundu kidogo, mfano wa punje ya mchele.

"Joint inashikaka sura ya chuma yenye inaikamata kila siku," alieleza Josaphat. "Kama iko kinundu ku joint, iko shimo ku chuma. Iyo porte-filtre ilishaanguka, ikaumia mudomo."

Orpa aliichukua kata ya Mama Godelive na kuuzungusha mdomo wake chini ya dirisha, kisha akaupitishia ukucha. Haukuwa na hata mkwaruzo. Alimgeukia Séphora.

"Nani mwingine iko na machine ya namna iyi?"

"Luc. Mama alinunuaka mbili siku moja, moja yake, moja ya Luc. Ya Luc iko Beni, kule Beu."

"Luc ni nani?"

"Mutoto wa mudogo yake Mama. Mama yake Luc alikufaka mapema, njo Mama Godelive akamulea humu ndani ya nyumba. Sasa iko anafanya biashara ya kahawa kule."

"Mara ya mwisho alikuya lini?"

"Ijumaa. Alilala hapa. Jumamosi asubuyi akarudia Beni."

Kamate aliacha kuchunguza dari.

"Séphora," alisema Orpa taratibu, "Mama Godelive alinihakikishia hakuna mugeni aliingia."

Séphora alimwangalia inspekta kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Luc hapana mugeni. Ni mutoto wa nyumba."

Orpa alirudi kituoni na kumrudisha Josaphat ndani. Hakuwa na namna. Ushahidi alioupata ulionyesha kwamba huenda mashine ya pili ilihusika; haukuonyesha mkono wa nani. Kamanda wake alimsikiliza akiwa amesimama, akasaini hati ya safari, na kumkumbusha kwamba gari la parquet halisubiri mtu. Bila karatasi iliyosainiwa mezani, Jumanne saa sita linamchukua fundi.

Jumanne waliondoka Butembo mara tu barrière, kizuizi cha barabarani, ilipofunguliwa. Kamate alishika usukani, akilalamika kuhusu mgongo wake tangu Butembo hadi Maboya. Karibu na Beni, askari aliinua kamba, akainamia dirisha na kudai, "Mama, mikanda!" kwa Kilingala cha kambini, yaani karatasi. Akaisoma hati ya safari juu hadi chini, kisha chini hadi juu, ndipo akawaruhusu. Mjini walipitia kwanza kwa wenzao wa polisi, maana Orpa hana mamlaka ya kupekua nyumba ya Beni bila muhuri wa Beni. Muhuri ulikuwepo, lakini mwenye ufunguo wa kabati la muhuri alikuwa anakunywa uji. Walimngojea. Walipobisha kwa Luc, mtaani Beu, pamoja na polisi mmoja wa Beni, ilikuwa saa tatu kasoro robo. Ili kufika Butembo kwa wakati, walipaswa kuondoka saa tatu na nusu.

Luc Kakule alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, shati limepigwa pasi, kidevu kimenyolewa vizuri. Alipoona sare aliuliza haraka, "Mama mukubwa iko namna gani? Jicho yake?"

"Badaktari bangali wanaangalia," alisema Orpa. "Tunatafuta habari kidogo tu juu ya machine. Unajua zinafanana."

"Muingie. Mukae. Nitawafanyia kahawa, muko mumetoka mbali."

Kamate alitaka kukataa, lakini Orpa alikubali kabla yake, na kwa furaha. Akamfuata Luc mpaka jikoni. Mashine ilikuwa ndugu wa ile ya Butembo, chuma kile kile. Luc alisaga kahawa ya upande wa Kayna, akaisindilia ndani ya kata, akaiingiza kutoka kushoto na kusukuma mpini. Mpini ulisimama katikati, sawasawa mbele ya tumbo lake. Hakuna tone lililovuja.

"Inafunga muzuri," alisema Orpa.

"Ndiyo. Joint ni mupya."

"Ulibadilisha lini?"

"Jumamosi."

"Ulipata wapi?"

"Butembo. Ku marché."

Orpa alionja kahawa. Ilikuwa nzuri sana, na hilo lilimuudhi kidogo. "Na ya zamani iko wapi?"

Luc hakufikiri. Aliinua mkono kwenye rafu, akashusha kopo la maziwa ya unga, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na betri, msumari uliopinda, kipande cha mnyororo wa pikipiki. Akatazama ndani. Kifuniko kikabaki mkononi mwake. Kamate, aliyekuwa amefika mlangoni na kikombe, aliacha kunywa.

"Haiko hapa," alisema Orpa. "Iko na mimi."

Akaitoa bahasha na kuiweka ile pete nzima juu ya meza. Kisha akaomba kata. Luc alimpa. Orpa aliisuuza, akaipangusa kwa kitambaa, na kuugeuza mdomo wake kwenye mwanga. Karibu na sikio la kulia palikuwa na kibonde, punje ya mchele ingelala humo. Akaiweka pete juu ya mdomo na kuizungusha polepole. Ilikuwa inayumba, upande mmoja umenyanyuka. Akazungusha tena. Kinundu kikaingia kwenye kibonde, pete ikalala chini yote. Akamwita Kamate na mwenzao wa Beni wajaribu kila mmoja kwa mkono wake. Wakajaribu. Ilikaa mahali pale pamoja tu.

"Tuambie sasa," alisema Orpa. "Saa yangu ni kidogo."

Luc alikaa kwenye kigoda. Alieleza kwa mfululizo, kama mtu aliyekwisha kuyarudia hayo kichwani mara nyingi. Jumapili wajomba wa Bénie, mchumba wake, walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza kuona nyumba. Aliwaahidi kahawa ya mashine. Joint yake ilikuwa imekufa, kata inavuja pande zote. Ijumaa alikwenda Butembo na joint hiyo mfukoni iwe modèle, maana muuzaji bila modèle hakuelewi. Akazunguka soko lote bila kupata. Mwishowe mshona sandali za mpira wa gari alimkatia moja kwa kisu.

"Nikafika ku nyumba, nikaona ya Mama mukubwa ni mupya. Jumamosi asubuyi, mbele baamuke, nikabadilisha. Yake nikaleta huku, ile ya pneu nikaweka kwake."

"Haukujaribu?"

"Courant haikukuwa. Nilisukuma mpini tu, ikashika kidogo. Nikasema itaenea. Nilitaka nirudishe yake Ijumaa iyi, hata hangejua."

"Ungemuomba angekupatia."

"Angenipatia." Luc alijiangalia viatu. "Niko mwanaume wa miaka makumi tatu na mbili. Kila kitu ndani ya iyi nyumba ni yeye alinipatia. Sikutaka niombe tena."

"Na joint yako ya zamani, juu ya nini uliiacha ndani ya enveloppe?"

Luc alitikisa kichwa. Ilionekana kwamba swali hilo ndilo lililomshinda zaidi ya yote. "Sijue. Nilikuwa nayo ku mukono. Kitu ya zamani kwetu inaendaka ku boîte. Sikufikiri hata."

Orpa aliandika. Kisha akauliza bila kuinua macho, "Ulijua Josaphat alikamatwa?"

"Nilijua."

"Tangu siku gani?"

"Jumapili."

"Nani alikuambia?"

Hilo Luc hakulijibu. Orpa aliliuliza mara ya pili, akangoja, akaandika: hakujibu.

Luc mwenyewe ndiye aliyeitoa joint nyekundu kwenye mashine, kwa ncha ya bisibisi. Ilitoka nzima, laini, bado mpya. Ikatiwa mfukoni, karatasi zikasainiwa na watu wanne, na saa tatu na dakika thelathini na tano gari lilikuwa njiani. Luc alikaa nyuma pamoja na Orpa. Kamate aliendesha kwa kasi ambayo mgongo wake ungeipinga siku nyingine yoyote. Hakusema kitu kuhusu majalada kuiva.

Hospitali ilikuwa kabla ya kituo, na Orpa alihitaji sahihi ya mlalamikaji. Alimwacha Luc garini na Kamate, akapanda ngazi peke yake. Mama Godelive alikuwa amekaa kitandani, nusu ya uso imefungwa bandeji, rozari mkononi.

"Mulimupeleka?" aliuliza kabla ya salamu. "Ule mwizi, mulishamupeleka parquet?"

"Bado, Mama. Niko na kitu nataka ushike."

Akamwekea pete nzima kwenye kiganja. Mama Godelive aliishika kama anavyoshika buni anazonunua, akaipitishia kidole gumba taratibu, kuzunguka. Kidole kikafika kwenye kinundu. Kikasimama.

"Iyi ni ya Luc," alisema. "Siku tulifungua ma carton, aliangusha ile chuma chini ku ciment. Nilimugombeza sana." Akainua jicho moja. "Muliitoa wapi?"

"Ndani ya boîte yako ya biskuti. Ndani ya enveloppe ya Josaphat."

Orpa alimweleza yote, kwa ufupi na kwa mpangilio, bila kupamba. Alipomaliza, mama yule alikuwa bado anakisugua kile kinundu.

"Njo mimi nilimufundisha," alisema. "Tangu iko mutoto. Hata musumari. Nilimuambia: cha zamani hakitupwake, rudisha ku boîte."

Machozi yalimtoka. Orpa alimwonea huruma, na hakuwa na muda wa kumwonea huruma.

"Mama, plainte yako, yale mashitaki, iko juu ya Josaphat."

"Ifute."

"Nitaifuta. Mais kuna ya pili. Luc ni mutoto wako. Unaweza sema hautaki kumushitaki, nitaandika vile."

"Ni saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Ule Josaphat iko na batoto?"

"Bane."

Mama Godelive aliirudisha pete mezani, mbali na mkono wake.

"Jumapili, saa kumi, Luc aliniita ku téléphone," alisema. "Alikuwa analia. Nikamuambia: usilie, mutoto wangu, fundi tulishamukamata." Akaikusanya rozari kiganjani. "Akanyamaza. Akanyamaza, nikafikiri amepoa roho."

Orpa aliweka jalada magotini.

"Andika," alisema Mama Godelive. "Luc Kakule. Andika mbio, Mama, saa sita isimukute Josaphat mule ndani."

Orpa alifungua kalamu, akaandika.